Nyumba Aliyoikandika Mama

Nyumbani kwangu Irving, Marekani, picha ya nyumba ya mama ilikuwa haikai ukutani. Ni nyumba ya miti na udongo kule Tanzania, na humo ndimo alimonizalia. Mimi naitundika sebuleni, mama anaiondoa na kuificha chini ya godoro lake. Alianza siku binti yangu alipomuuliza mbele ya wageni waliotoka Alief, mwendo wa saa nne kwa gari, "Bibi, kumbe mlikuwa mnaishi kwenye mud?" Wageni wakacheka. Mimi nilifoka, na hasira zangu zinajulikana, lakini mama aliinuka tu, akaiondoa picha ukutani. Kuiondoa kule ndiko kulikoniuma.

Kisha mimi, mama na binti yangu tukaenda Ufaransa kumsalimia dada yangu aliyeolewa huko. Akatupeleka kwenye mji wa kale, kuona nyumba ya karne ya kumi na sita. Nilitegemea jumba la mawe. Nikakuta mihimili ya mbao imekatizana nje, katikati yake ukuta mweupe, na ghorofa ya juu imejitokeza barabarani kama mtu anayechungulia. Mlango ulikuwa wazi. Mama akasimama kizingitini, akaita, "Hodi!" Watalii wakageuka. Hakuingia mpaka dada alipoitikia, "Karibu, mama."

Ndani, kipande cha ukuta kilikuwa kimeachwa bila lipu na kuwekewa kioo. Fito! Zimesukwa baina ya nguzo, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Mama alisogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Hii imekandikwa," alisema.

Dada akamsomea maelezo: nyumba inalindwa na sheria, hata dirisha halibadilishwi bila kibali.

"Kwa udongo huu huu?"

"Huu huu, mama."

Akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu ahamie Marekani. Papo hapo akaanza kumsimulia mjukuu wake siku ya kukandika: wanaume wakishafunga fito, wanawake wanakanyaga udongo, mmoja anakandika kwa nje na mwenzake kwa ndani, mpaka udongo wao ukutane katikati ya ukuta. Asiyekuja kukandika kwa mwenzake, kwake hakandikiwi. Halafu, maana mama yangu hakosi neno, akaongeza, "Ila hawa fito wameziachanisha mno." Binti yangu alimuuliza maswali njia nzima hadi hotelini. Nilijivuna mpaka nikasahau kupiga picha.

Tuliporudi Irving, wageni walewale wa Alief walikuja tena. Nikiwa jikoni napakua pilau, nilimsikia mama chumbani kwake akiinua godoro. Akatoka na picha, akaitundika mwenyewe. Ilikaa upande, wala sikuthubutu kuinyoosha.

"Nyumba hii nimeikandika kwa mikono yangu," akawaambia.

Mgeni mmoja akainuka kwenda kuitazama. Binti yangu akamzuia kwa mkono.

"No, anko. Piga hodi kwanza."

Mtu mzima yule akapiga hodi, na mama akamkaribisha kwake.