Muti ya safu mu lopango yangu

Maisha yangu yote nililala mu nyumba ya watu. Mu mtaa ya Kabondo nimehama vyumba mpaka majirani wakanipa jina: Mama Kadidja Mizigo. Bailleur, mwenye nyumba, anakuja asubuhi, hata chai hujanywa, anagonga mulango na funguo: "Mama, mutoto wangu anaoa, nahitaji nyumba." Unafunga vitu vyako mu liputa, kitenge yako, unatoka. Basi nilikula kiapo: sitakufa mupangaji. Nitakufa bailleresse.

Liputa niliuza ku soko tangu kichwa yangu haina mvi, na ile soko ndiyo ilinipa lopango, kiwanja ya kujenga, ku mtaa ya Simi-Simi. Watoto wangu wa Kinshasa walicheka mu telefone. "Mama, mu uzee huu ndio unaanza mambo ya kupangisha nyumba?"

"Na nyie mulianza lini?"

Wakakata telefone.

Mudogo wangu Hemedi ni commissionnaire, anatafutia watu nyumba na viwanja, na mudomo yake haina kufuli. Alizunguka lopango, akapiga udongo na kiatu.

"Bon, yaya, dada mukubwa, iko muzuri. Lakini lopango bila mutu ndani iko sawa ndizi ya njiani. Leo yako, kesho nakukuta unagombana na mutu mwenye aliinunua kwa mutu mwingine. Weka mutu."

Matofali zangu zilikuwa bado kidogo, hazikutosha hata chumba moja. Donc nikaweka mwanamuke moja, Josée. Alitoka Opala na bwana yake; bwana akapanda mashua, baleinière ya kushuka na mto, hajarudi. Nilimupa kona ya kujenga kajumba ka majani.

"Lima mboga, lenga-lenga, sombe. Muti, hapana."

"Ee mama, nani hajui?"

Kweli, kwetu kila mutu anajua. Mboga ni ya mugeni, inakwisha na musimu. Muti ni ya mwenye udongo. Ukimuacha mugeni apande muti, siku ya kumutoa utamulipa muti yake, ao hatatoka.

Tangu hapo sikutulia. Sufuria ikiwa ku moto, mimi niko mu njia. Nilipanda toleka, zile baiskeli za kubeba watu, asubuhi, na mara ingine tena nyuma ya sala ya alasiri. Mwenye toleka akaniuliza: "Mama, Simi-Simi uko na bwana?"

"Niko na udongo. Kanyaga!"

Asubuhi moja nikakuta, katikati ya lenga-lenga, muti mudogo ya safu, ile tunda ya kuchemsha. Imesimama sawa askari, na matofali, matofali yangu, imeizunguka.

"Josée! Hii nini?"

"Karibu, mama. Hii? Ilijiotea. Nilikula safu, nikatupa kokwa."

"Na matofali ilikuja na miguu yake?"

"Juu ya mbuzi ya Mama Philomène, isiikule."

Philomène, jirani wa upande wa chini, akatokeza kichwa juu ya uzio ya mianzi. "Mbuzi yangu musiiingize mu maneno yenu!"

"Ng'oa," nikamuambia Josée.

"Mimi? Nikiing'oa, utasema ni mimi nilipanda. Ng'oa weye."

Nikashika shina. Mukono ikakataa. Philomène anaangalia, na watu wa njia wamekwisha kusimama. Mutu akiona unang'oa muti ya matunda, anauliza: ni ya nani? Sababu mwenye udongo hang'oi safu yake. Anayeng'oa ni yule anaogopa muti ya mwingine. Nikaachilia. Josée aliona vizuri kwa nini niliachilia, akacheka, mikono ku kiuno.

"Cheka," nikasema. "Leo ninalala hapa."

"Wapi, mama? Kajumba kangu kako na kitanda moja."

"Yangu inakuja."

Nikamupigia Hemedi. "Yaya, lakini mvua..." "Leta kitanda na bâche. Na unyamaze." Jua haijashuka, kitanda yangu ilikuwa mu lenga-lenga, pembeni ya ile safu, na bâche juu yake, turubai ya kuzuia mvua. Watu walipita kuangalia sawa vile kuko matanga. Niliwasalimia wote: "Karibuni kwangu!"

Mvua ikaja kweli. Bâche ikajaa maji, ikashuka sawa tumbo ya mimba. Josée akatoka mbio mu kajumba kake, akashika pembe moja, mimi ingine, tukamwaga, ikajaa tena, tukamwaga. Alikuwa amelowa mpaka ku nywele. Sasa hakucheka.

"Mama Kadidja, nilipanda. Ni kweli."

"Najua."

"Siku matofali itatosha, utaniambia toka. Mutu mwenye iko na muti, hawamufukuzi bure. Nilitaka kakitu ka kushika."

Ile maneno haikuwa mugeni kwangu. Hata mimi, ningepata kona ya kupanda muti kule Kabondo, ningepanda. Lakini sikumupa neno ya huruma. Bailleresse haanzi hivyo.

"Chumba ya kwanza ni yako. Utalipa sawa watu wote. Na garantie, feza ya kuweka mbele ya kuingia."

"Garantie! Eh, mama! Alors muti yangu?"

"Muti gani?"

Akaniangalia, maji inashuka ku pua.

"Muti yako," akasema polepole.

"Sema na nguvu. Philomène hajasikia."

"Muti ya Mama Kadidja!" akapiga kelele mu mvua. "Lakini safu tutakula wote!"

"Nimesikia!" Philomène akajibu kutoka kwake. "Na mimi niko ndani ya wote!"

Asubuhi fundi akafika. Akahesabu matofali, akakuna kichwa. "Mama, hii ni ya nusu chumba."

"Anza nusu."

Ukuta sasa imefika ku magoti. Fundi aliipitisha kando ya safu. Hemedi anasema nirudi Kabondo nipumzike, ukuta haitakimbia. Yeye anajua nini? Kitanda bado iko chini ya bâche, na kila mutu akisimama njiani kuangalia ndani, ninainuka, nafunga liputa vizuri, namufuata.

"Unatafuta chumba, baba, ao unatafuta nini?"