Ampuli Iliwaka

Juzi nilikwenda Mutanga Sud kwa mwanangu, nikamkuta mjukuu wangu ametandaza takataka juu ya meza ya kulia: boksi la viatu lililokatwa madirisha, waya, betri, ampuli, ile balbu ndogo ya tochi. Nikamwambia aondoe.

"Apana, bibi, ni devuari, kazi ya shule. Mwalimu anataka nyumba yenye taa. We angalia tu."

"Niangalie nini? Hiyo waya hujaikwangua. Haitawaka."

Akanikazia macho. "Bibi, we ulijifunzia wapi?"

Nikamwambia alete wembe. Jibu lenyewe nakupa wewe unayesoma, maana wewe ni mtu mzima.

Nilijifunzia mtaani Buyenzi, katika shule ya vyumba viwili chini ya bati. Mwalimu wetu alikuwa mtoto wa mtaa huo huo. Mke wake alikaanga ndagara, visamaki vya ziwani, za kuuza upande wa pili wa uzio, na harufu ilitufikia darasani mpaka tukameza mate. Shule haikuwa na kitu, lakini mwalimu yule alikuwa na wazimu wa umeme. Alisema mtoto akiushika umeme mdogo kwa vidole vyake, mkubwa hautamtisha.

Basi kila mmoja alileta jiwe la redio lililokwisha, ndivyo tulivyoita betri. Asubuhi tuliyapanga mawe yetu juu ya bati yachomwe na jua, maana jiwe lililochoka likipata joto hurudisha nguvu kidogo. Yaliyokataa kabisa tuliyapasua, ule unga mweusi wa ndani tukapaka ubao. Waya tulifuata gereji, ambako nyundo zililia kutwa. Fundi mmoja mzee akituona tu alianza: "Panya wa mwalimu hao. Leo mutaniachia hata nati moja?" Kisha anatutupia waya za dinamo iliyoungua. Waya ile ina ngozi nyembamba ya rangi; usipoikwangua kwa wembe mpaka ing'ae, haipitishi kitu. Mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kukwangua. Mwalimu aliniita daktari.

Tulivuta waya mbili kupitia dirishani mpaka chumba cha pili. Tukiunga huku, ampuli inawaka kule, na watoto wa kule wanapiga vigelegele kama harusini.

Ukaja mwaka wa kuchukuliwa watu. Gari la askari linasimama, mtu anapandishwa, harudi. Waliosoma ndio walioanza kwenda. Bibi yangu alimfuata mwalimu mlangoni. "Mwanangu, shusha hizo waya. Watu wana macho."

Mwalimu akacheka. "Mama, ni ampuli ya tochi. Nani ataogopa ampuli ya tochi?"

Askari walikuja saa nne, jua kali. Mkubwa wao aliinua kichwa, akaona mawe yamepangwa juu ya bati na waya zinaingia dirishani. Hakuwa amewahi kuona shule ya namna hiyo. "Hii mashini ya nani? Unaongea na nani ng'ambo?"

"Siongei na mtu, bwana mkubwa. Ni kazi ya watoto."

"Washa, tuone."

Mwalimu aligeuka, akaniita. Akaniwekea mkono begani. Akasema polepole, kama siku zote, "Daktari, unga." Nilijua, na darasa zima lilijua, kwamba ikiwaka itaonekana ni mchezo wa watoto tu, na isipowaka watasema ni redio ya maadui. Mawe tuliyoyashusha kwenye bati yalikuwa ya moto, yaliniunguza vidole. Nikaunga.

Ampuli iliwaka. Nyekundu kwanza, kisha njano. Mmoja wao alitabasamu. "Kumbe kweli."

Mkubwa akatia mawe, waya na ampuli ndani ya gunia. Halafu akasema, "Na mwalimu wake."

Akipandishwa garini, mwalimu alituambia tusitoke mpaka kengele. Tukakaa. Aliyepiga kengele kila siku ni yeye mwenyewe, kwa hiyo tulikaa mpaka mama zetu wakaja kututoa mmoja mmoja.

Jioni ile kila nyumba ilitupa waya zake chooni. Baba akasema kusoma kumetosha, na kwangu kuliishia hapo. Mafundi waliendelea kugonga, lakini hakuna mtoto aliyetumwa tena kuomba waya. Sikuona tena watoto wakishangilia kitu walichokiwasha wenyewe. Chumba kile baadaye kikawa ghala la mkaa.

Mke wa mwalimu hakukaa eda. Bibi yangu alimwendea. "Mwanangu, ingia ndani, kaa eda, tumsomee." Yule akajibu huku akigeuza ndagara, "Nani ameona maiti? Mukiiona, muniite." Wanaume wenye heshima walimposa, akawafukuza. "Mi ni mke wa mutu." Akazeeka hivyo hivyo, akahamia Kanyosha kwa dada yake.

Tumemzika mwaka huu, mvua zilipokatika. Tulipomaliza kumkafini, shehe, kijana mgeni asiyejua habari zetu, akauliza kutoka nje ya pazia kama marehemu ana mume, aje amuage kabla jeneza halijatoka. Sisi tuliomwosha tulikuwa mabibi tuliosoma darasa lile la mwalimu. Tulitazamana. Akauliza mara ya pili, na kati yetu hakuna aliyewahi kuona maiti ya mwalimu.