Dirisha Lisilokubali Hapana

Girum wa mtaa wa Gulele alikuwa mwandishi. Usimuulize ameandika nini, maana hilo ni swali la watu wasio na adabu. Alikuwa na blogu, blogu ilikuwa na jina, "Vichochoro vya Gulele", na juu ya jina palikuwa na picha yake ameshika kidevu, anatazama mbali, kama mtu anayejiuliza kama amefunga mlango. Mchana alikuwa karani wa bima hapa Addis Ababa. Jioni, mkewe Hirut alipokuwa akikaanga buni, yeye alikaa mezani akichagua plagini, yaani vile viprogramu vidogo ambavyo mtu hubandika kwenye blogu yake ili ifanye mambo ambayo hapo kwanza haikuweza.

Na alichagua kwelikweli. Msimu mzima wa mvua kubwa uliisha akilinganisha nyota ambazo watu wa nje wamezipa plagini, akiweka, aking'oa, akiweka tena. Moja ilionyesha tarehe kwa kalenda yetu ya miezi kumi na mitatu. Nyingine iliwazuia wezi wasinakili maandishi yake, ingawa mwizi angeingia humo angetoka mikono mitupu. Nyingine ilimwambia msomaji itamchukua muda gani kusoma, na kila mara ilisema chini ya dakika moja. Ile ya kuongeza kasi aliiweka mwisho, na tangu siku hiyo blogu ikawa inafunguka polepole kuliko ofisi ya serikali siku ya Ijumaa.

Maandishi yenyewe? Yalikuwepo. La kwanza liliwakaribisha wasomaji. La pili liliwaarifu kwamba mwonekano umebadilika. La tatu liliomba radhi kwa ukimya.

Basi bahati ikamwangukia mtu huyo. Ato Zerihun, na Ato kwetu ni Bwana, mhariri wa gazeti moja na rafiki wa marehemu baba yake, alikutana naye nje ya kanisa, akamshika bega. "Mwanangu, nasikia unaandika kuhusu mitaa yetu. Natafuta mtu wa safu ya kila Jumamosi. Wiki ijayo nitaifungua hiyo blogu yako. Nikikuta kitu, safu ni yako."

Girum alirudi nyumbani miguu haigusi ardhi. Hakuna kitu alichokitaka duniani kama hicho: jina lake gazetini, watu wakilisoma wamesimama na kikombe mkononi. Wivu wake kwa wenye safu ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hakununua magazeti.

"Sasa andika," Hirut akamwambia.

"Nitaandika. Kwanza nitengeneze mlango."

"Mlango gani tena, baba? Nyumba haina ukuta hata mmoja."

Mlango ni lile dirisha linaloruka usoni mwa msomaji kumwomba aache anwani yake ya barua pepe. Girum alikuwa amejaribu ya kila aina na yote yalimuudhi. Ukibonyeza hapana, linaondoka. "Haya yametengenezwa na watu wasiojua kupokea mgeni," alisema. "Kwetu mgeni akisema ameshiba, unamwamini?"

"Simwamini," Hirut alikiri.

"Ukimwamini anakwenda kwao na njaa, na mtaa mzima unakusema. Hapana ya kwanza ni kuona haya. Ya pili ni malezi. Nitatengeneza langu mwenyewe."

Akalitengeneza, na lazima niseme lilikuwa zuri, laana hiyo. Alijifunza kuandika programu kwa kukosea, akaiangusha blogu nzima, akaiinua, akamfokea mkewe kwa kosa la nukta moja ambayo mkewe hakuiweka. Maneno matatu ya dirisha aliyapima na kuyapunguza kama mshairi. La kwanza: "Karibu ndugu, tuachie anwani yako." Ukibonyeza hapana: "Usione haya, ni kidogo tu, kwa ajili yetu." Ukibonyeza hapana tena, kile kiapo chetu cha kumshinda mgeni anayekataa chakula: "Nife mimi Girum ukiondoka hivihivi." Hapo mtu akikataa bado, dirisha lilififia taratibu, kwa huzuni, likamwachia njia.

"Na mitaa?" Hirut aliuliza siku moja kabla ya mzee kuifungua blogu. "Gulele yote iko hapo nje, mume wangu. Fungua pazia."

"Mtu hapakui kabla mgeni hajaketi."

Ato Zerihun alimwita mkahawani. Girum alivaa koti la harusi.

"Nimeifungua," mzee alisema, akikoroga kahawa. "Umeninawisha mikono, nikasema asante. Ukaninawisha tena. Mara ya tatu ukaapa kufa, nikaona aibu, nikakupa anwani yangu. Nikaketi, nikangoja. Injera, chakula chenyewe, iko wapi, mwanangu?"

Girum alitazama meza. Alitamani baba yake asingekuwa na marafiki.

"Safu nimempa mwalimu mmoja wa jiografia," Ato Zerihun aliendelea, kwa upole, na upole huo ndio uliouma zaidi. "Lakini hilo dirisha lako nalitaka kwenye tovuti ya gazeti. Wasomaji wetu hawajisajili mpaka wasihiwe. Njoo utuwekee, ulitunze, tutakulipa."

"Hapana, Ato Zerihun. Mimi ni mwandishi."

"Usione haya."

"Hapana, kweli."

"Nife mimi, Girum."

Ile hapana ilikuwa ya kweli. Ilitoka moyoni, pengine ndilo neno la kweli kuliko yote aliyowahi kuyatamka. Lakini angeitofautishaje na zile nyingine, yeye aliyefundisha mtambo usiziamini? Mtu aliyelelewa vizuri hakatai mara tatu. Akakubali.

Leo maneno ya Girum yanasomwa na watu wengi kuliko ya mwandishi yeyote wa gazeti lile, tena kila siku, na jina lake limo, na watu huyafunga kwa hasira waliyoiweka akiba kwa ajili ya madeni na nzi. Jumamosi ya kwanza alitaka kumsoma huyo mwalimu. Dirisha likamrukia, likamkaribisha, likamsihi, likaapa kufa kwa jina lake mwenyewe, akabonyeza hapana mara zote tatu ndipo likamwachia njia.

Safu ilihusu kichochoro cha nyuma ya nyumba ya Girum na Hirut, na mshona viatu anayekemea kila kiatu kabla ya kukishona. Girum amepita hapo tangu utoto. Aliisoma mara mbili. Alijisikia vibaya sana, vibaya kwa namna ambayo hakuna mtu wa kulaumiwa.

"Nzuri?" Hirut aliuliza.

"Si mbaya," alisema, akivuta kiti karibu na kompyuta. "Lakini herufi ndogo mno. Kuna plagini ya hiyo."