Salamu Nilizozizima Titye

Nilipewa kinasa sauti kimoja, kaseti sita na betri nane. Nilizihesabu mbele ya bwana utamaduni, nikazihesabu tena mlangoni, maana ofisi ikishakukabidhi kitu, kikipungua ni wewe uliyekila. Kazi ilikuwa kukusanya kumbukumbu za wazee wa Kasulu na Kibondo. Watu walikuwa wameshahamishiwa vijiji vipya vya barabarani, na kule milimani walikotoka ilibaki migomba isiyo na mwenyewe. Nilichaguliwa mimi, mtoto wa duka, kwa sababu nilikuwa na baiskeli na mdomo wa kupatana.

Kwa mtu anayebania betri, taabu ya Uha, nchi ya Waha, ni salamu. Watu wakikutana wanapiga makofi taratibu, wanaulizana, wanaitikiana, wanaanza tena, maharage yangeiva. Nikajiwekea utaratibu wangu: wakati wa salamu kinasa kimezimwa, yakianza mazungumzo nawasha. Nilijiona mjanja.

Kijiji kipya cha Titye nilikuwa nimekwenda mara tatu kwa bibi mmoja, mkongwe kuliko wote waliohamishwa kutoka mlima wao. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniita.

"Nikifa mimi, ule mlima ni pori," aliniambia. "Wajukuu hawatajua nani alikaa wapi."

Bwana utamaduni alisikiliza kaseti za bibi, akazisukuma kwangu mezani. "Mvua, njaa, vita vya Mjerumani. Kaya ziko wapi? Nani alipakana na nani? Rudi."

Nikarudi, kiuno kikiniuma. Tulipomaliza kusalimiana nikawasha kinasa. "Bibi, nitajie tu kaya za mlimani, moja moja, toka juu mpaka mtoni."

Alinitazama kama niliyemtajia bei ya matusi. "Nihesabu watu? Hiyo kazi ya mtoza kodi. Watu hawahesabiwi, mwanangu. Watakwisha."

"Sasa nitazijuaje?"

"Nimekutajia kila ukija. Wewe unakodolea kidude chako tu."

Kweli, kila nilipofika aliniuliza: kwa mhunzi wamelalaje? Kwa mjane wa kisimani je? Ndivyo watu wa mlima ule walivyosalimiana, kaya baada ya kaya, kama unavyozikuta ukishuka. Nami nilikuwa nikiitikia "wazima, wazima", kinasa kimezimwa, betri zangu salama.

"Basi nisalimie tena, bibi."

"Mara mbili asubuhi moja? Nimelewa?"

"Kesho?"

"Wewe hujui kuitikia, unajibu kama kasuku. Niletee shemeji yangu."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amehamishiwa kijiji cha Kagerankanda. Nilimfuata. Tukapatana: mteremko nimpakie, mlima ashuke atembee. Kwenye mlima wa kwanza akasema mapatano yale aliyaelewa kwa Kiha, na kwa Kiha mzee hashuki. Nikamsukuma juu ya baiskeli, naye akinisifia nguvu zangu.

Tulipofika Titye niliwasha kinasa kabla hawajaonana. Bibi akatoka, makofi yakaanza.

"Kwa mhunzi wamelalaje?"

"Kwa mhunzi hakuna mtu, shemeji," mzee akajibu. "Nyasi tupu. Nilipita mwezi jana."

Makofi yakakoma. Nilitazama kaseti ikizunguka bure.

"Sikukuuliza nyasi," bibi akasema. "Itikia kama ulivyofundishwa."

Mzee alijifuta uso kwa kiganja, akakohoa. "Wamelala salama."

"Kwa mjane wa kisimani?"

"Salama. Mahindi yao yamebeba."

Wakaendelea hivyo, wakishuka mlima wote pale uani, bibi akiuliza, mzee akiitikia, mpaka mtoni. Vidole vyangu vilitaka kuhesabu, nikavikalia. Walipomaliza, bibi akaingia ndani bila kuniaga, akalala.

Kasulu niliiona jioni ya pili, miguu imekufa ganzi. Bwana utamaduni alisikiliza kidogo, akabonyeza kinasa kikasimama.

"Hizi ni salamu tu. Umetumia betri za serikali kwa salamu?"

"Nimezitumia," nikasema, nikaketi sakafuni, sikuwa na nguvu ya kutafuta kiti. "Rudisha mwanzo. Chukua na penseli."

Akarudisha, huku akiguna. Kwa mhunzi akaandika. Kwa mjane akaandika, akachora na kisima. Alipofika kaya ya nne akainua kichwa, akaniuliza mwenye kaya hiyo anapakana na nani upande wa chini.

"Subiri," nikamwambia, nikikionyesha kinasa kwa kidole. "Bibi atauliza."