Sahihi Yangu na Kinu Kilichozimwa

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo huwa naikumbuka, mjukuu wangu, hasa Jumapili kama hii, watu wakishatawanyika kanisani nami nimerudi peke yangu kwenye fleti yangu hapa Blacktown. Redioni wanabishana kuhusu vinu vya nyuklia vya zamani: kipi bado kinafanya kazi, kipi kimezimwa. Nimezima redio.

Jana uliniambia kwa simu kwamba kule kwenye nyumba ya wazee unakofanya kazi, siku nyingine unaandika kwenye fomu kuwa mzee amekunywa maji, na hata chumbani kwake hujaingia. Ukacheka, ukasema, "Babu, kila mtu anafanya hivyo." Mimi sikucheka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Bukavu kwenda Ulaya kujifunza ufundi. Nikapewa kazi kwenye kinu kimoja cha nyuklia, cha vile vilivyojengwa mwanzo mwanzo. Kilikuwa kimezimwa moja kwa moja. Lakini fito za urani zilizotumika zilikuwa bado humo, zimefunikwa na maji bwawani, maana zinaendelea kutoa joto na mionzi miaka na miaka. Kila asubuhi nilitakiwa kushuka, kusoma kipimo cha maji, kuandika na kutia sahihi.

Msimamizi wangu alikuwa Mzee Bahati, mtu wa Uvira, mtu pekee niliyeongea naye Kiswahili katika mji ule. Baridi ilinichosha, upweke nao ukanichosha zaidi. Siku tatu mfululizo sikushuka. Nilinakili namba ya jana yake, nikijiambia kinu kimekufa, nani atajali?

Siku ya nne Mzee Bahati alishuka mwenyewe. Bomba lilikuwa linavuja, na king'ora cha kuonya maji yakipungua kilikuwa kimepelekwa kutengenezwa. Maji yalikuwa yamepungua kwa shibiri mbili. Mafundi walifika mapema wakayajaza, hakuna aliyedhurika. Kisha akaniita.

"Haya maji uliyaona kwa macho yako?"

"Hapana, mzee."

"Sasa ulitia sahihi ya nini?"

"Kinu si kimezimwa, mzee?"

"Kimezimwa, ndiyo. Ndiyo maana kimebakiwa na sisi wawili tu wa kukiangalia."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Wakubwa walipouliza, nilikiri, lakini yeye ndiye aliyekuwa msimamizi. Mimi nilipewa onyo. Yeye alistaafishwa kabla ya wakati wake. Alihamia kijumba cha mwisho wa reli, na mimi, kwa aibu, sikwenda kumwona. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Nilipokwenda, jirani yake aliniambia amezikwa tangu mwezi uliopita, na waliomsindikiza walikuwa wanne.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Usitie sahihi kwa jambo ambalo hujaliona. Ingia chumbani, mwite mzee kwa jina lake, mshikie glasi hadi anywe. Na ukimkosea mtu, mfuate mapema, aibu yako uende nayo hivyo hivyo. Mimi niliisubiri iishe, na mpaka leo haijaisha.

Mungu akupe macho yasiyochoka kuangalia, na siku zako za uzee asikukoseshe mtu wa kuja kukuuliza kama umekunywa maji.