Vidonge vya Kugawana

Mpaka leo nikimkumbuka yule daktari, damu inanichemka.

Mama yangu alikuwa na saratani ya titi. Daktari alimpa pakiti ya vidonge, akasema, "Meza kila asubuhi," bila hata kuinua macho. Hakumweleza vinafanya nini mwilini, wala kwamba vikipunguzwa havimsaidii mtu.

Tuliishi Malaba, mpakani, upande wa Kenya. Miaka ile ya sabini, ng'ambo Uganda sukari na sabuni zilikuwa zimeadimika, sembuse dawa. Karibu kila nyumba ya upande wetu ilikuwa na ndugu huko, na ndugu akivuka siku ya soko ulimgawia ulichokuwa nacho. Dada ya mama, aliyeishi huko, naye alikuwa na uvimbe kwenye titi. Mama akampa chumvi, kipande cha sabuni, na nusu ya vidonge vyake.

Tuliporudi hospitali, uvimbe wa mama ulikuwa umekua. Daktari alipouliza, mama alimwambia ukweli. Daktari akapiga meza. "Mama, wewe ni mjinga ama?"

"Sasa daktari, ningemeza peke yangu namna gani, na dada yangu anaumwa kitu hiyo hiyo?"

Lilikuwa swali la haki, na lilikuwa na jibu. Nilisimama pale nikilingoja. Yeye akasukuma pakiti nyingine mezani. "Kila asubuhi," akasema, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Nje, mama aliifunga ile pakiti kwenye leso, akaniuliza, "Siku ya soko ni kesho ama kesho kutwa?"