Picha Elfu Saba za Dada Kopi

Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la hospitali, kuna chumba chenye mashine ya kutolea kopi, kompyuta moja na benchi la wateja. Mwanamke anayefanya kazi humo hospitali nzima inamwita Dada Kopi, na jina alilopewa na wazazi wake siku hizi linaonekana kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ni kuchapa barua, kutoa kopi za vyeti, na kuwaeleza watu kwa upole kwamba fomu iliyojazwa kwa penseli haitapokelewa popote.

Wateja wakipungua, anachora. Wala hachori kwa mkono, maana mkono wake hata duara moja la maana hauliwezi. Anaiandikia kompyuta amri: weka maduara, tupa mistari, rangi chagua mwenyewe ila usitoke nje ya hizi tano. Akibonyeza kitufe inatokea picha ambayo hata yeye hajawahi kuiona. Akibonyeza tena, ile imekwenda zake, imekuja nyingine. Mambo hayo aliyapata kwenye kitabu kilichosahauliwa na mteja pale kwenye benchi. Alikitunza miezi miwili akimngoja mwenyewe, mwenyewe hakutokea, basi akaanza kukisoma.

Aliyemkatalia kwamba huko ni kuchora ni mama yake. Mama huyo alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo miaka thelathini: kitambaa kinapita mbele yake juu ya meza yenye taa, naye anatafuta uzi uliokatika. Kiwandani walimwita Jicho. Kazi amestaafu, jicho halijastaafu. Ukiingia kwake na kifungo kilicholegea, utavuliwa shati kabla hujakaribishwa kiti.

"Sasa hapo wewe umefanya nini?" aliuliza siku ya kwanza alipoonyeshwa. "Kompyuta imechora, bahati imechagua, wewe umebonyeza. Hata kuku akikidonoa hicho kitufe, si atachora?"

Dada Kopi alicheka, lakini neno lilimchoma. Maneno ya mtu baki unayatema. Ya mama yanakaa. Tangu siku hiyo hakumwonyesha tena picha hata moja, na watu wakimsifu alikuwa na jibu lake tayari: "Aa, ni kompyuta tu hiyo."

Asubuhi moja muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, Sista kwa jina la kazi, alikuja kutoa kopi za ratiba ya zamu. Akaona picha kwenye kioo cha kompyuta, akaipiga kwa simu yake. "Jamani, hii nzuri!" Akachukua kopi zake, akaenda. Dada Kopi akabonyeza kitufe, picha ikapotea, na yeye akasahau.

Wiki tatu baadaye, siku ya Ijumaa, Sista akaingia anahema.

"Dada Kopi, nimekupatia ukuta!"

Ukuta wenyewe ni wa wodi ya watoto, mrefu, mweupe pe, na watoto wanautazama kutwa wakiwa na dripu mkononi. Mfadhili amekubali upambwe. Fundi mabango angekuja Jumatatu saa mbili asubuhi kuichukua picha aichapishe kwa ukubwa wa ukuta mzima.

"Nataka ileile niliyoipiga," Sista alisema. "Nina mgonjwa, binti wa kitanda cha nne. Kila nikimchoma sindano namshikisha simu, anahesabu maduara mpaka namaliza. Simu yenyewe haionyeshi vizuri, hajawahi kufika mwisho. Nimemwahidi atayahesabu ukutani."

"Na nikikupa nyingine, nzuri kuliko hiyo?"

"Nimemwahidi hiyo, mwenzangu. Yule amedanganywa vya kutosha kwamba sindano haiumi. Tena ukichelewa, mfadhili ana picha yake ya maporomoko ya maji, kaitoa kwenye kalenda."

"Hamna shida," akajibu Dada Kopi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi! Hakuwa ameihifadhi. Hakuwahi kuhifadhi picha yoyote. Aliona ndio utamu wake. Kilichobaki ni ile ya kwenye simu, ndogo, imepinda, na kofia ya Sista imejiakisi kiooni, inang'aa katikati. Ukiikuza inakuwa uji.

Jumamosi alishinda hana raha, mpaka alipokumbuka jambo moja. Programu yake haikuwa ikibahatisha hewani. Ilikuwa inasoma saa ya kompyuta kila kitufe kinapobonyezwa, na sekunde ile ndiyo inayoamua yote. Irudishie sekunde ileile, itakurudishia picha ileile. Akampigia Sista. Saa ya simu ya Sista haiaminiki tangu betri ivimbe, ila mwenyewe alikumbuka: siku ya mwisho wa mwezi, alikabidhi zamu saa moja, na saa tatu alikuwa keshafika nyumbani. Kwa hiyo ni muda wa saa mbili nzima. Sekunde elfu saba na mia mbili, na kila sekunde ina picha yake.

Aliiamuru kompyuta itafute inayofanana na ya kwenye simu. Ikamletea thelathini, zote uongo. Ilikuwa inatafuta kofia ya Sista.

Jumapili asubuhi akameza kiburi, akaenda kwa mama yake.

"Mama, naomba jicho."

"Ya kwako yamekwenda wapi?"

"Yameliwa na kompyuta."

Mama alicheka, akachukua miwani. Alipoelezwa habari ya binti wa kitanda cha nne, hakuuliza tena.

Wakakaa wawili kwenye benchi la wateja, mlango wameurudishia. Picha zilikuja sitini kwa ukurasa, kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa dakika moja ya asubuhi ile. Dada Kopi akaanza kukodoa macho.

"Usitafute hivyo, utachoka," mama alimwambia. "Ziache zipite. Ya kwako itakuita."

Zikapita. Walipofika ukurasa wa thelathini, mama akauliza, "Kona ya juu kushoto, mbona huweki kitu?"

"Wapi?"

"Kote."

Dada Kopi akatazama. Kweli. Ni mstari mmoja alioandika mwanzo kabisa, ili picha ipate pa kupumulia, akausahau.

"Na hivi viduara vidogo, unavikusanya kwenye kubwa lao, kisha kimoja unakiacha mbali peke yake. Kimekukosea nini?"

Wakaendelea. Mgongo ukauma, chai ikapoa. Kwenye ukurasa wa saa mbili na dakika thelathini na nne, mama akainua kidole.

"Simamisha. Safu ya nne, ya pili."

Wakaweka simu pembeni. Duara kwa duara, mstari kwa mstari, ndiyo yenyewe! Dada Kopi aliruka mpaka benchi likaanguka, mama naye nusura aende nalo.

"Kiwandani tulikuwa na wafumaji arobaini," mama alisema, akifuta miwani. "Vitambaa vinaletwa vimechanganywa, havina jina. Nilikuwa namjua kila mmoja kwa mkono wake. Leo umenionyesha picha ngapi?"

"Elfu tano na mia sita na kitu."

"Zote mkono mmoja." Akainama kuliinua benchi. "Lete maji, koo limekauka."

Mwisho wa mwezi picha ilibandikwa, kutoka mlangoni mpaka dirishani, na mama na mwanawe wakaenda kuiona. Fundi mabango alikuwa anakusanya ngazi yake.

"Hii nani kachora?" aliuliza. "Au ndiyo mambo ya kompyuta?"

Dada Kopi akafungua mdomo kutoa lile jibu lake la siku zote. Mama akamwahi.

"Kachora mwanangu. Kompyuta ilikuwa inangoja kuambiwa."

"Shh!" ikatoka kitanda cha nne. "Mia moja na kumi na tatu… Mtanipotezea hesabu."